Gitaa la Mkono wa Kushoto

"Hili gitaa ni la nani?"

Fundi alisimama mlangoni na kopo la vanishi mkononi. Alikuwa ametoka mara moja tu kwenda dukani, akasahau kufunga chumba cha nyuma cha karakana yake, na sasa mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba hicho, mikono kiunoni.

"La mteja," akasema.

"Mteja gani?"

"Mteja tu. Mmoja hivi."

Mmoja hivi! Mwanaume akianza kukwambia "mmoja hivi", ujue ameshikwa pabaya. Huyu bwana kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Magitaa ya umeme ulikuwa ulevi wake wa jioni. Alichonga, akapaka rangi, akafunga nyuzi, kisha akakaa anayaangalia kama mtu aliyepata mtoto. Hakuwahi kumtengenezea mteja gitaa hata siku moja, na mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mkewe watu walimwita Solo. Ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la solo kwenye bendi ya mtaani kwao, tena akilipiga mpaka watu wanasahau sahani zao mezani. Hiyo ilikuwa kabla ya ajali. Alikuwa ameajiriwa kiwanda cha mikate, na siku moja mashine ya kukandia unga ikaukamata mkono wake wa kushoto. Mkono ulipona, lakini vidole vitatu vya mwisho vilibaki vimejikunja, havinyooki vizuri wala havina nguvu. Na mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Alipotoka hospitali alimpa jirani gitaa lake, akamwambia mumewe, "Sitaki kuliona gitaa tena. Siku utakayoniletea gitaa ndani ya nyumba, mimi naondoka." Fundi akajibu kwamba na yeye ameacha kuyatengeneza. Kumbe alihamishia kila kitu karakana.

Gitaa lenyewe lilikuwa linaning'inia kwa waya kutoka kwenye boriti, jekundu la kuiva, vanishi yake bado mbichi. Mtu mwingine angesema ni zuri akaishia hapo. Solo aliangalia upande vilipokaa vitufe vya sauti. Akaangalia kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo, chenye vijifereji vya kushikia nyuzi. Kijifereji kipana, cha uzi mnene, kilikuwa upande usio wake.

"Huyu mteja wako ni wa mashoto," akasema taratibu.

Fundi akaligeuzageuza kopo la vanishi mkononi.

"Nakuuliza, bwana. Ni wa mashoto au si wa mashoto?"

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Maishani mwangu nimemjua mpiga gitaa mmoja tu wa mashoto. Mmoja! Na huyo ulitaka kumuoa kabla yangu."

"Si hivyo unavyofikiria."

"Wifi alinipigia asubuhi. Dada yako wa tumbo moja! Amekuona unatoka nyumbani kwa Mashoto. Nikakutetea, nikamwambia umekwenda kutengeneza friji. Friji!" Akacheka kicheko kikavu.

Kama vile shetani alikuwa anasikiliza, simu ya Fundi ikalia pale juu ya meza. Solo akaiwahi. Ujumbe ulikuwa umeandikwa hivi:

"Njoo jioni nikuonyeshe ulichotaka. Mkeo bado hajajua? Usimwambie mpaka liishe. Mashoto."

Solo aliusoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akaiweka simu pale pale ilipokuwa.

"Gitaa ni lako," Fundi akasema. "Haki ya Mungu, ni lako wewe."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Angesema lolote lingine labda angesikilizwa.

"Langu? Langu mimi? Mimi ninayepiga kwa mkono wa kulia tangu nikiwa mtoto! Yaani hata uongo umekushinda. Ungemdanganya asiyejua gitaa, mume wangu, siyo mimi!"

"Nisikilize basi. Mkono wako..."

"Usiutaje mkono wangu!"

Akaunyanyua huo mkono wa kushoto, akaukandamiza kwa nguvu zote katikati ya lile gitaa, kwenye vanishi mbichi. Gitaa likayumba kwenye waya. Alipoutoa, kiganja chake kilikuwa chekundu.

"Mpelekee na hiyo," akasema. "Sogea nipite."

Jioni hiyo hiyo alikuwa kwa mama yake na begi moja. Mama yake, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimfungulia mlango, akamtazama kiganja, akamletea mafuta ya taa na kitambaa.

"Amekupiga?"

"Hapana, mama. Hii ni vanishi."

"Haya. Kaa."

Simu haikutulia. Wa kwanza alikuwa wifi.

"Wifi, umemfumania?"

"Nimefumania gitaa."

"Gitaa? Ndiyo nini sasa?"

"Wewe acha tu, wifi. Ni habari ndefu."

"Basi nikwambie, mimi ni damu yake lakini kwenye hili niko upande wako. Nikimwona nampasua."

Kisha zikaanza meseji za Fundi.

"Solo, rudi nyumbani tuzungumze."

"Solo, nakuomba."

Akamjibu mara moja tu: "Usiniite hivyo. Huyo Solo alibaki kule kiwandani."

Siku zikapita. Solo alikuwa hali chakula. Mama yake alivumilia, halafu uvumilivu ukamwisha. Akamkuta anakunja nguo zile zile alizozikunja asubuhi.

"Unamlilia yule mwanamke?"

"Simlilii yeye."

"Unalia nini sasa?"

Solo akaiweka nguo chini. "Mama, mimi na mume wangu tulikutana kwa sababu ya gitaa. Nilikuwa napiga, yeye akaja kuniambia uzi wangu mmoja unakwaruza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Sasa mimi siwezi tena. Nikasema moyoni, amechoka kukaa na mtu asiyeweza, ametafuta anayeweza. Na simlaumu. Hilo ndilo linaloniua, mama, kwamba simlaumu."

Mama yake akakaa chini pembeni yake. Akamshika ule mkono mbovu, akakaa nao mapajani mwake kwa muda mrefu.

Walikuwa bado wamekaa hivyo mlango ulipogongwa. Alikuwa Mashoto, na gitaa mgongoni.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa kuvamia. Mimi ni msusi, nimefunga saluni kwa ajili ya safari hii, kwa hiyo sitakaa sana. Nimekuja kuongea na mwanao."

"Huna aibu?" Solo akasimama.

"Ningekuwa nimekuibia mume, ningekuwa nayo. Nina mume wangu, dada, anakoroma kama jenereta na bado nampenda. Kila siku Fundi alipokuja kwangu, mume wangu alikuwepo, na chai alimwandalia yeye."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kupima gitaa langu." Mashoto akalishusha begani. "Alipima unene wa shingo. Akanikalisha kwenye kiti, akaniambia nipige, akawa anauliza maswali ya ajabu. Mkono wako wa kulia unachoka wapi ukibonyeza? Kidole gani kinaanza kuuma? Mpaka nikamuuliza, wewe bwana, unatengeneza gitaa au unatibu wagonjwa?"

Solo hakucheka.

"Na ile meseji? Mkeo asijue!"

"Niliandika mimi; alitaka kuona mikono yangu ikipiga. Na shauri la kukuficha nililitoa mimi. Yeye alitaka kukwambia tangu siku ya kwanza. Nikamwambia mpigaji aliyekata tamaa ukimpa maneno atakataa. Mpe kitu ashike. Kama nimekosea, nilaumu mimi. Sasa hebu niangalie."

Akakaa ukingoni mwa kiti na kuanza kupiga. Bila spika, gitaa la umeme lina sauti ndogo, unalisikia ukiwa karibu tu. Mkono wa kulia ulikuwa shingoni unabonyeza. Wa kushoto ulikuwa unachapa nyuzi kwa kipande kidogo cha plastiki.

"Angalia mkono wangu wa kushoto. Kipande nimekishika kwa vidole gani?"

"Gumba na cha shahada," Solo akajibu bila kutaka.

"Vile vitatu vingine vinafanya nini?"

Solo akaangalia. Akaangalia tena. Vidole vitatu vya mwisho vya Mashoto vilikuwa vimejikunja kiganjani, vimetulia tu, havina kazi yoyote.

Akauinua mkono wake mwenyewe mbele ya macho yake. Gumba zima. Cha shahada kizima. Na vile vitatu, vimejikunja.

"Mungu wangu," akasema.

"Wewe ulikuwa unajua sana gitaa," Mashoto akasema kwa upole. "Ndiyo maana ulipoliona tu ukajua ni la mtu wa mashoto. Asiyejua kitu angeuliza, angeambiwa, yangeisha."

Mama mtu akajifuta macho kwa ncha ya nguo aliyokuwa anaikunja mwanawe. "Nenda kwako, mwanangu," akasema. "Begi nitalileta mimi."

Lakini msidhani Solo alikimbia mbio akajirusha kifuani kwa mtu. Njia nzima alikuwa na hasira. Watu wawili walikaa chini wakamjadili yeye na mkono wake, wakapanga, wakaficha. Hata wema una adabu yake. Alipofika nje ya karakana akasimama, ili kwanza hiyo hasira aipange vizuri.

Ndipo akasikia gitaa. Lilikuwa limeshafungwa nyuzi na kuunganishwa kwenye spika, na mtu alikuwa analijaribu, vibaya kweli kweli. Akachungulia. Fundi alikuwa amelikumbatia kinyumenyume, mkono wa kulia shingoni umekakamaa, wa kushoto unachapa nyuzi kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa ametengeneza kitu asichoweza kukipiga, na hakuwa na wa kumjaribia.

"Uzi wa tatu unakwaruza," Solo akasema kutoka mlangoni.

Fundi akashtuka, nusura aliangushe. Alikuwa amekonda, na ndevu zimemjaa.

"Najua," akajibu. "Nikiziinua nyuzi juu kidogo kelele inaisha, lakini zinakuwa ngumu kubonyeza. Sitaki ziwe ngumu."

"Basi usiziinue. Shingo umeikaza mno, imenyooka kama rula. Ilegeze kidogo."

Fundi akachukua kibisibisi, akalegeza chuma cha ndani ya shingo, akatyuni nyuzi upya, akauchapa tena ule uzi. Sauti ikatoka safi. Wote wawili wakaisikiliza mpaka ikaisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ukiona gitaa unaondoka."

"Na nimeondoka hata hivyo."

"Umeondoka."

"Ulinidanganya. Ukasema umeacha. Ukasema mteja. Mimi nikakutetea kwa dada yako kwa ajili ya friji ambayo haipo!"

"Nilidanganya, na sina la kujitetea." Fundi akaliweka gitaa mezani taratibu. "Nyumba ilikuwa kimya, mke wangu. Ulikuwa unapika, unafua, unanijibu vizuri, lakini ulikuwa hupo. Nikaogopa. Nikasema nikifanya nusu halafu nikashindwa, nitakuwa nimekuumiza mara mbili. Kwa hiyo nikanyamaza. Nisamehe."

Solo akalia, na safari hii hakujificha. Alililia mkono wake, akamlilia mumewe aliyekonda, akalilia ule ukimya wote. Fundi hakumgusa mpaka yeye mwenyewe aliposogea.

"Sikiliza," akasema akiwa kifuani pake. "Mkono huu ni wangu. Siku nyingine ukiwa na mpango nao, mtu wa kwanza kuambiwa ni mimi. Siyo Mashoto, siyo mtu yeyote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Wewe na dada yako wote mnipishe sasa, nilione gitaa langu."

Dada hakuwepo, lakini Fundi alipisha.

Katikati ya lile gitaa, kwenye vanishi iliyokwisha kukauka, kulikuwa na alama ya mkono. Kiganja kizima, gumba, kidole cha shahada, na pembeni vidoa vitatu, mahali vile vidole vilivyojikunja vilipogusa kwa ncha tu.

"Nilishika msasa niifute," Fundi akasema. "Nikashindwa. Lakini ukitaka, leo hii hii naifuta."

Solo akaupachika mkono wake juu ya alama. Ukaenea.

"Iache. Paka vanishi juu yake, ili isitoke."

Akakaa, akalipakata. Kulia kukawa shingoni, kushoto kwenye nyuzi. Mwili mzima ulikataa, kila kitu kilikuwa upande wa jirani. Akabonyeza, akachapa. Kikatoka kitu kibaya, cha mtoto wa siku ya kwanza.

"Nimekuwa mwanafunzi," akasema, na aibu ikampanda usoni. "Itanichukua miaka. Na labda sitafika pale nilipokuwa. Utavumilia kusikiliza ubaya huu?"

"Hata ubaya wako niliukosa."

Akachapa tena. Vibaya tena. Kisha sauti moja, moja tu katikati ya fujo, ikatoka imenyooka, na ikakaa hewani kidogo. Fundi alikuwa amesimama na kibisibisi mkononi, machozi yanamtiririka, hayafuti.

"Solo," akaita, kwa woga.

Mkewe hakuinua kichwa. Alikuwa anaitafuta sauti ya pili.

"Abee."