Meno ya Dubwana

Kila asubuhi kabla ya kengele, sisi wasichana wa darasa la sita pale Haneti tulifagia uwanja huku tukiimba wimbo wa dubwana. Ulikuwa wimbo wa kuchekesha tulioupata kwenye simu za kaka zetu. Dubwana lenye macho matatu linapita vijijini, linameza mapaa ya nyasi bila kutafuna, kisha linapiga mbweu mpaka kuku wanakimbia.

Wengine tulicheka tu. Ruthu, niliyekaa naye dawati moja, aliuliza, "Sasa hizo nyasi zote zinakwenda wapi?"

Ruthu alichunga ng'ombe wa babu yake kila alipotoka shuleni, na siku za kuchinja alisaidia kuosha matumbo. Kwa wiki mbili alilichora dubwana kwenye daftari, akaligawia matumbo manne.

"Kama halitafuni, lazima lilale mahali licheue," alinieleza. "Likilala, hapo ndipo watu wanapopata kukimbia."

Mimi nilipaka rangi yale macho matatu. Hayo tu.

Siku hizo Mwalimu Optatus wa sayansi akatangaza kwamba chuoni Chimwaga kutakuwa na maonyesho ya viumbe vya kubuni. Kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja, na kazi zikabidhiwe Ijumaa. Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa babu yake Ruthu walipotea porini, naye akakosa shule siku tatu kuwatafuta. Daftari lake lilikuwa kwangu.

Nililinakili dubwana kwenye karatasi ya manila, nikaandika chini: Edina. Nilijua kabisa ninachofanya. Kwa kuwa mdomo ulionekana mtupu, nikaongeza meno makali ya mbele, juu na chini.

Ruthu aliporudi, aliikuta manila ukutani ofisini. Nilikuwa nimeshachaguliwa.

"Edina, hii si ya kwangu?" aliuliza.

"Wimbo ni wa watu wote," nilimjibu mbele ya wenzetu. "Na mimi nina akili."

Alibeba mfuko wake akahamia dawati la nyuma.

Chimwaga nilisimama kando ya manila yangu, nimevaa sweta jipya. Dada Joha, mwanafunzi wa chuo aliyekagua kazi, aliinama akaiangalia kwa muda mrefu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Matumbo haya umeyapanga vizuri sana. Kwa hiyo linacheua kama ng'ombe?"

"Ndiyo, kama ng'ombe."

"Na ng'ombe ana meno ya mbele juu?"

Sikujua. Baba yangu ni mtendaji wa kata, tumehamia Haneti kutoka mjini, na ng'ombe nawaona wakipita tu. Nilimtazama Mwalimu Optatus, aliyekuwa amenisindikiza. Yeye amekulia zizini, na uso wake ulikuwa umeshabadilika.

"Juu mbele ng'ombe ana ufizi mtupu," alisema polepole. "Mtoto aliyeyajua matumbo haya asingekosea meno. Nani amechora, Edina?"

Nililia kwa aibu, nikasema yote. Mwalimu alilikata jina langu, akaandika la Ruthu, akamweleza Dada Joha ukweli. Kazi ilipata nafasi ya pili.

Jumatatu nilisimama mstarini nikaungama mbele ya shule nzima. Ruthu alipokea cheti kwa mikono miwili. Baadaye nilimfuata kwenye bomba la maji.

"Nisamehe, Ruthu."

"Nimeshakusamehe," alisema, akaendelea kukinga maji. Kisha akauliza, "Walikuuliza matumbo yanafanya nini? Kwa nini ni manne?"

"Hapana. Tuliishia kwenye meno."

"Ningewaambia," alisema. Machozi yakamtoka, akajitwisha ndoo akaondoka. Laiti angenitukana, ningepumua.

Mwalimu Optatus alikuwa amesimama karibu, ametusikia.

"Jina nimelirekebisha, na cheti kimemfikia mwenyewe," aliniambia. "Lakini kusimama pale na kuulizwa, hilo siwezi kumrudishia. Wewe pia huwezi, hata ukiomba radhi kila siku. Ukiiba kazi ya mwenzako, Edina, unaiba na siku yake."