Kitunga cha Pulchérie

Asubuhi hiyo mwalo wa Baraka, kando ya ziwa, ulikuwa umefurika watu. Mitumbwi ilishusha samaki, akina mama waligombania bei, inzi nao walitafuta riziki yao. Pulchérie alikuwa amejifunga kikwembe chake cha samawati, kitunga cha ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani, na hasira zake za kila siku, maana alizaliwa nazo. Mara akapigwa kikumbo na kijana aliyevaa kaptura nyeupe na soksi ndefu hadi magotini, eti mavazi ya ofisini, huku mwaloni!

"Mama, pardon. Kitunga yako imechaguliwa."

"Imechaguliwa na nani? Imekuwa bibi-arusi?"

Kijana huyo aliitwa Anatole, karani wa hesabu katika ofisi ya Wazungu waliochunguza ziwa. Kila asubuhi kila kitunga kilipewa namba, namba zikaandikwa kwenye kokoto, kokoto zikatiwa kofiani. Yeye alichomoa chache bila kutazama, na samaki wa vitunga hivyo ndio aliowapima urefu kwa rula.

"Na ziwa yote utaipima na karula kako hako?"

"Hapana. Ukipika muchuzi, unakunywa sufuria muzima juu ya kujua chumvi? Unaonja kijiko moja. Lakini lazima ukoroge kwanza. Hii kofia ndiyo iko nakoroga."

Jibu lilimfurahisha Pulchérie, naye akaificha furaha hiyo. Kesho yake kitunga chake kikachaguliwa tena. Na tena. Wanawake wakaanza kukonyezana.

"Kofia yako iko nanipenda kuliko weye mwenyewe," alimtania.

"Iko nafuata mwenyewe, mupenzi."

Mahindi yalipovunwa, Anatole alikuwa amekwisha kukaa barazani kwa baba yake Pulchérie, amebeba sukari na maneno matamu. Wazungu walikuwa wamemwahidi kwamba akiimaliza hesabu hiyo vizuri, watampeleka mjini Usumbura kusomea kazi, arudi akiwa msaidizi wao, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika ofisi ile. "Tutakaa kwa nyumba ya matofali," alisema. Pulchérie alimtaka yeye kuliko nyumba, ingawa na nyumba pia aliitaka.

Ndipo polisi waliposhuka kutoka Fizi na amri. Hesabu, walisema, imeonyesha kwamba watu wa Baraka wanavua watoto wa samaki, ziwa linaisha. Nyavu za matundu madogo ni marufuku mwalo mzima. Wavu wa baba yake Pulchérie, uliolisha nyumba nzima, ukachomwa moto mbele ya macho yake. Mzee aliinama kuokota mawe ya wavu katikati ya majivu. Pulchérie ndiye aliyesema, njia nzima mpaka ofisini.

"Anatole! Toka inje! Hesabu yako imechoma wavu ya baba!"

Akatoka, uso umemshuka. "Ile hesabu haiko ya kweli," alisema polepole.

"Unasema nini?"

"Kokoto yako nilikuwa naificha kwa kidole, halafu naichomoa. Nilitaka kukuona kila siku. Na baba yako anakokotaka wavu pale pembeni ya ziwa, fasi ya kukulia samaki badogo. Benye kuvua katikati banapata bakubwa, lakini bale sikubapima sana. Baraka yote imehukumiwa na kitunga yako."

Kibao alichompiga kilisikika mpaka barabarani.

"Kama ulinitaka, si ungekuja kunisalimia sawa bantu bengine? Ilikuwa lazima upitie kwa samaki ya baba? Ingia! Ingia useme kwa Muzungu yako."

"Nikisema, Usumbura imekufa. Na kazi pia. Tutaishi na nini?"

"Tutaishi? Weye na nani?"

Akampa mgongo. Bado alimpenda, na hilo lilimchoma kuliko wavu. Kabla hajafika mbali akasikia mlango wa ofisi ukifunguliwa, Anatole akikiri, kisha sauti ya Mzungu ikifoka kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Anatole alifukuzwa kazi hapo hapo. Wiki iliyofuata amri ya nyavu ikasimamishwa mpaka hesabu irudiwe na karani mwingine. Lakini wavu wa Mzee ulikuwa majivu tayari.

Tangu hapo Anatole alikuja kila siku kwa Mzee kusuka wavu mpya. Vidole vyake vilivyozoea penseli vikachanika kwa uzi. Mzee alimwonyesha fundo, hakumpa salamu. Pulchérie alimletea ugali wa bukari na mboga ya sombe, akaibwaga sahani chini kama anamtupia mbwa.

Wavu ulipofika nusu, Anatole akainuka, akasimama mbele yake.

"Pulchérie, nitangojea kasirani yako iishe, ndipo nitakuuliza."

"Niulize sasa."

"Lakini uko na kasirani."

"Ndiyo niko nayo! Uliza sasa. Tukingoja ipoe, kesho utasema nilikubali juu ya kuonea vidole vyako huruma."

Mzee akaacha kusuka. Anatole akamsogelea Pulchérie.

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali!" akafoka, machozi yakimlenga. "Na usinicheke!"

Akaipokonya sahani, akaingia jikoni kumwongezea sombe.