Laini ya Safari ya Mbithe

"Fundi, hii ni mgonjwa ama ni marehemu?"

Ndolo aliinua macho kutoka kwa simu aliyokuwa akiifungua. Ilikuwa siku ya soko mjini Kabati, spika ya duka la viatu ikipiga kelele na vumbi likitua juu ya kila kitu. Mbele ya kibanda chake alisimama msichana mwenye sketi ndefu ya kijani na kitambaa cha maua kichwani. Mikono yake ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko, na simu aliyoishika ilikuwa ya zambarau vilevile.

"Ilianguka wapi?"

"Kwa sufuria ya rangi. Nilikuwa napika nyuzi za vyondo."

"Na hukuiweka kwa mchele ikauke?"

"Mchele tulikula."

Ndolo alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

"Rudi saa kumi. Itaongea, lakini rangi haitatoka."

"Hata kwa mikono yangu haitoki. Utazoea."

"Nizoee mimi? Kwani naenda na hiyo mikono wapi?"

Msichana alishika njia. Lakini alipofika kwenye kona aligeuka, na Ndolo akaunguza kidole kwa chuma cha moto.

Huyo alikuwa Mbithe, msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, kutoka Kwa Vonza. Saa kumi simu iliongea, na mazungumzo yao hayakukatika mwaka mzima. Ndolo alipokuwa tayari kupeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao mvulana hupeleka nyumbani kwa msichana anayemtaka, kikundi cha akina mama wasusi kikamchagua Mbithe apeleke vyondo kwenye maonyesho ya Istanbul. Tarehe ziligongana.

Baba mdogo wa Mbithe, Mzee Mwau, alikataa kusogeza siku kwa sababu wageni walikuwa wamealikwa. Akakubali jambo moja tu. "Aulizwe kwa simu. Lakini uso niuone, na maneno ayatoe mwenyewe: tupokee mbuzi ama tusipokee. Bila hivyo, mbuzi warudi walikotoka."

Basi Ndolo akaitayarisha ile simu ya zambarau kwa mikono yake. Akamnunulia laini ya safari, ile isiyo na kadi, inayoingia kwenye simu kwa kupiga picha alama fulani.

"Ukitua, data itumie laini hii. Ile ya nyumbani iache iwake, ipokee meseji. Kitu kingine usiguse."

"Kwani nikigusa itaniuma?"

"Mbithe."

"Sawa, mwalimu. Sigusi."

Siku nne za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Hotelini kulikuwa na Wi-Fi, na kila jioni uso wake ulijaa kwenye kioo.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mkate wa mviringo, umejaa ufuta."

"Na unanikosa?"

"Nakosa ugali. Wewe uko namba mbili."

Ijumaa, hata hivyo, sauti yake ilikuwa na uchovu. "Ndolo, unanipigia kila saa mpaka wenzangu wananicheka. Niache nifanye kazi. Tuongee kesho saa tisa, mbele ya mbuzi." Akakata.

Jumamosi mbuzi walifungwa kwenye mchungwa nyumbani kwa kina Mbithe. Akina mama walifika na leso za rangi zote. Ndolo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Saa tisa akapiga video. Haikuingia. Akaandika ujumbe, ukabaki na tiki moja ya kijivu. Akapiga simu ya kawaida, akaambiwa mteja hapatikani.

"Ni saa ngapi sasa?" Mzee Mwau aliuliza.

"Saa kumi kasorobo, baba."

"Msichana akinyamaza hivi, mimi naelewa."

Babake Ndolo aliinuka, akavaa kofia, akaenda kuanza kufungua kamba. Ndolo alijua kwamba mbuzi hao wakitoka langoni, hakuna mzee atakayekubali kuwarudisha tena. Maneno ya jana yalimzunguka kichwani. Niache. Labda hakumaanisha kazi. Labda huko mbali alikuwa ameona maisha mengine, na yeye alikuwa tu fundi wa kibanda.

Hapo ndipo mamake Mbithe alipomsogelea, leso mabegani.

"Usimkasirikie, mwanangu. Jana aliniambia kuna mahali simu inamwuliza kitu, inataka abonyeze. Nikamwambia abonyeze tu. Akasema, 'La, mwaitu, Ndolo alinikataza kugusa.' Huyo mtoto hata mimi hanitii hivyo."

Ndolo alielewa papo hapo. Roaming! Kile kiswichi kinachoiruhusu simu itumie data ikiwa ugenini. Kila mteja aliyesafiri alimzimia, ili salio lisiliwe. Vidole vilikuwa vimezoea, na kwa simu ya Mbithe pia vilikizima. Lakini laini ya safari huishi kwa kuazima mitandao ya watu, na bila kiswichi hicho haina maisha. Wi-Fi ya hoteli ilikuwa imeficha kosa lake siku zote hizo, na saa hizi Mbithe alikuwa kwenye maonyesho, mbali nayo.

"Baba, ngoja!" alimwita babake. "Mbithe hajakataa. Ni mimi nilimfungia simu."

Mzee Mwau alimtazama kutoka viatu hadi kichwani. "Wewe si ndiye fundi?"

"Ndimi, baba."

Akina mama waliangua kicheko. Ndolo hakujali. Simu alizompigia kila saa lazima zilikuwa zimemaliza salio la Mbithe, ndiyo maana hakupatikana, lakini ile laini ya nyumbani bado ingepokea meseji ya kawaida. Akaandika: *Settings, laini ya safari, washa roaming. Nilikosea mimi, si wewe. Niko hapa kwenu na mbuzi. Nakupenda.*

Wakangoja. Beberu alianza kutafuna pindo la leso ya mtu. Babake Ndolo alisimama na kamba mkononi, asijue afunge ama afungue.

Simu ikalia.

"Ndolo!" Macho ya Mbithe yalikuwa mekundu, na nyuma yake vyondo vimepangwa rafu kwa rafu. "Nimezunguka ukumbi wote nikiomba Wi-Fi, hata kwa muuza chai. Nilijua utasema nimekukataa."

"Nilikaribia kusema."

"Mjinga wewe."

"Wako lakini."

Mzee Mwau alinyoosha mkono, akaisogeza simu karibu na pua. "Mbithe, unawaona mbuzi hawa?"

"Naona pua yako, baba."

Mzee akaisogeza mbali, mbuzi wakaonekana nyuma yake. "Sasa?"

"Sasa nawaona. Wapokewe." Kisha akapaza sauti. "Wapokewe wote watatu. Na huyo beberu achinjwe haraka kabla hujabadilisha maneno."

Vigelegele vilipaa. Babake Ndolo akakaza kamba upya, mafundo mawili. Ndolo akapewa simu, akajitenga nayo nyuma ya jiko, mahali ambapo moshi ulikuwa umeanza kupanda.

"Ndolo," alinong'ona Mbithe, "hiki kitu nilichowasha, nikizime sasa?"

Ndolo alipangusa kioo kwa mkono wa lile shati jeupe.

"Usikiguse," alisema. "Kiache kiwake mpaka urudi nyumbani."