Kabichi za Wiki ya Mwisho ya Mfungo

Soko la Shola lilikuwa limefurika Jumamosi ile, hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Wubit alipita katikati ya watu na gauni lake jeupe la kanisani, lenye ukingo wa kijani, na chini yake viatu vya mpira vya matopeni. Watu walimtazama miguu, naye hakuwa na habari nao. Alisimama mbele ya rundo la kabichi, akaokota moja, akainusa.

"Dada, kabichi hainuswi, hupikwa," alisema muuzaji, kijana mrefu mwenye sweta la bluu na tabasamu la mtu anayejua kwamba anapendeza.

"Imemwagiliwa maji gani?"

"Ya mto Kebena. Mama analima pale chini ya daraja."

Wubit akairudisha kwenye rundo. "Basi kula mwenyewe."

"Nakula kila siku! Kwani naonekana mgonjwa?"

"Ugonjwa ninaouona ni wa maneno mengi. Njoo kesho mchana darajani, uone kinachoelea kwenye hayo maji."

"Huo ni mwaliko?"

"Ni kazi. Njoo na reki."

Endale, yule muuzaji, alikwenda na reki. Akawakuta watu wa chama cha kuzikana cha mtaa, wazee kwa vijana, wamezama hadi magotini wakivuta matambara na chupa. Mwenyekiti wao, Gashe Mulatu, alikuwa akisema kwamba wameshazika watu wengi mno wa kuhara, afadhali wausafishe mto kabla haujawaongezea kazi. Wubit ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukingo, na alisimamia kwelikweli. Jioni ile Endale alinuka kama mfereji, na alikuwa amependa.

Basi simu zikaanza.

"Umelala, mrembo wangu?"

"Nimelala. Anayeongea ni shetani."

"Mwambie huyo shetani namkumbuka."

"Anasema Jumapili usisahau reki."

Miezi saba ikapita hivyo. Ukingo ukasafika kipande kwa kipande, hadi kikabaki kimoja tu, bustani ya Mama Yeshi, mama yake Endale. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeumega udongo pale hadi hatua mbili kutoka kwenye kuta za majirani, na chama kiliamua kupanda mianzi iushike. Mama Yeshi alikubali kwa shingo upande, kwa sharti moja: wasubiri Pasaka. Wiki ya mwisho ya mfungo, mji mzima unapoikimbia nyama, ndipo kabichi huuzika kuliko siku zote. Wubit alimwahidi, tena kwa kumbusu magoti.

Lakini mwaka ule mawingu yalifika mapema. Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, mbingu ilikuwa nyeusi tii. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Lazaro, kisha Matawi, kisha Wiki ya Mateso, na katika siku zile hakuna mtu wa mtaa ule ambaye angethubutu kuinua jembe. Wubit alihesabu vidole vyake mara mbili. Alimpigia Endale simu mara nne. Hakupokea, alikuwa kanisani. Kwa Mama Yeshi mwenyewe hakwenda. Aliogopa kukataliwa, na huo ndio ukweli.

"Chimbeni," akawaambia watu wa chama.

Waling'oa kabichi kwa uangalifu, wakazipanga langoni kwa Mama Yeshi, na nusu yake zilikuwa bado hazijafunga vichwa. Mahali pake wakapanda mianzi. Endale alipiga simu jioni.

"Ungesubiri siku kumi tu, Wubit."

"Na mvua ingesubiri?"

"Si mvua iliyomwahidi mama yangu."

Akakata. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, ukingo haukumeguka, na Wubit hakupata raha yoyote ya kuwa na haki. Alifunga wiki ile kwa machozi. Pasaka ikaja, kuku akapikwa, hakumwona utamu.

Jumapili ya pili baada ya Pasaka, alikuwa akichoma buni uani alipoona wazee watatu wakiingia langoni, mashuka meupe mabegani, fimbo mkononi, na Gashe Mulatu mbele. Baba yake aliwaletea viti. Hawakukaa. Wazee wasiokaa wana neno zito, na wazee walewale ndio husuluhisha ugomvi wa mtaa. Mama Yeshi amenishtaki kwa baba, aliwaza Wubit. Hakungoja aitwe. Aliweka kikaango chini, akapiga magoti mbele yao na mikono yake yenye masizi.

"Nilivunja ahadi," alisema. "Ukingo ulihitaji, ningechimba tena. Lakini nilipaswa kwenda kumwambia uso kwa uso, nikaogopa. Mwambieni Mama Yeshi nitamlimia bustani nyingine kule juu, kwenye maji ya chemchemi, kwa mikono yangu. Na mwanawe... mwambieni nampenda, hata kama hanitaki tena."

Gashe Mulatu akakohoa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Binti, umetunyang'anya kazi. Sisi ni washenga."

Wubit alifunika uso kwa masizi yake yote. Baba yake alijikaza kisabuni na kujibu kama baba yeyote mwenye heshima anavyojibu mara ya kwanza: "Tumesikia. Rudini wiki ijayo."

Wazee walipotoka, simu ililia.

"Baba amesemaje?" Endale aliuliza, pumzi juu.

"Warudi wiki ijayo."

"Mungu asifiwe! Hakukataa!"

"Nani aliyewatuma? Si mlinikasirikia?"

"Mimi bado nilikuwa nimenuna. Mama ndiye aliyechoka kuniona. Alisema mwanamke anayeogopa mvua kuliko mama mkwe atatunza nyumba. Yuko hapa. Anauliza, mianzi imeshika?"

Wubit alitoka na mikono yake ileile michafu, akateremka hadi mtoni, simu ikiwa bado sikioni. Alishika mche mmoja pale palipokuwa na kabichi, akauvuta. Akauvuta tena, kwa nguvu zake zote, haukung'oka.

"Mwambie imeshika," alisema, akaanza kulia.