Viatu Vyekundu vya Bonifasia

Enzi zile, hakuna mwanamke Ngara nzima aliyeimba roki kumshinda Bonifasia. Kusema kweli hakuna mwingine aliyejaribu; wenzake walikuwa na akili zao.

Leo mjane huyo yuko Nyamiaga, harusini kwa mpwa wake, anamenya ndizi huku simu inamtetemekea kifuani.

— Nani huyo asiyekuacha umenye? — akauliza shoga yake, Francisca.

— Ansbert. Mpiga gitaa wetu wa zamani.

— Yule aliyehamia Biharamulo bila kukuaga? Lete nisome!

"Bonifasia, nimekuja kupiga harusini. Sijawahi kukusahau. Nataka tuoane. Kama wewe umeisahau bendi yetu, sema, jioni narudi zangu. Sitakusumbua tena."

Bonifasia akajibu kwa kidole chenye utomvu: "Nimesahau yote. Hata viatu vyangu vyekundu vya jukwaani, kuku wanatagia."

— Mwenzangu! Unamfukuza mwanamume mwenye meno yote?

— Aende. Safari hii angalau ataaga.

Gitaa likalia. Wazee watatu chini ya turubai, Ansbert mbele, kitambi kimelibeba gitaa. Wimbo ulikuwa ule ule wa Bonifasia, nao ulikuwa na desturi yake: katikati bendi nzima hunyamaza, na hairudi mpaka mwimbaji apige ukelele.

Bendi ikanyamaza. Mpiga ngoma akabaki na vijiti hewani. Bibi harusi akadhani umeme umekatika.

Ansbert akangoja. Akangoja weee. Kisha, taratibu, akaanza kuvua mkanda wa gitaa begani.

Koo likamwasha Bonifasia. Mkanda ule ukitoka, ndiyo basi tena.

— Iyeeeee, babaaaa!

Kisu huku, ndizi kule! Ngoma zikalipuka. Bonifasia akapita katikati ya meza akiimba, sauti imekwaruza kidogo lakini imejaa turubai zima. Watu wakasimama juu ya viti. Padri naye akasimama, soda mkononi, mabega yanamcheza.

Wimbo ulipoisha, Ansbert akamsogezea maiki.

— Kumbe hukusahau.

— Nimesahau! Sauti imenitoka tu — alisema, huku ameushika mkono wa Ansbert, hauachii. — Mimi nimekuja kumenya ndizi.

— Ndizi tu?

— Ndizi tu. Haki ya Mungu.

Francisca akainama, akampandisha Bonifasia kitenge hadi magotini. Viatu vyekundu, vinang'aa, vimepakwa dawa asubuhi ile ile.

— Shemeji Ansbert, njoo uone kuku wanapotagia!