Kikombe cha Mama Beatrice

Kila Jumamosi asubuhi, Kindness akishawakatia ng'ombe majani, humsaidia bibi yake kuchuma kahawa kihambani kwao, shamba la ukoo wao huko Old Moshi. Zamani maganda ya kahawa yalitupwa kwenye mashina ya migomba. Siku hizi Bibi Esther huyaanika yakauke, kisha huyachemsha na tangawizi. Kinywaji chake ni chekundu, kitamu, na harufu yake huvuta majirani.

"Leo chuma chini ya mfereji tu," Bibi alimwambia Jumamosi moja. "Huko juu babu yako alipiga dawa jana. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Bibi."

Masikio yalisikia, lakini miguu ilikuwa na haraka. Wenzake walikuwa wanamngoja wacheze mpira wa rede, na chini ya mfereji kahawa mbivu zilikuwa za kutafuta. Juu, matawi yalikuwa mekundu. Kindness akapanda juu, akajaza ndoo upesi, akaenda kucheza. Kahawa ni kahawa, alijiambia.

Bibi aliimenya kahawa ile, akayaanika maganda. Kwa wiki mbili aliyageuza kwa mikono yake huku akiimba, na kila alipoona wingu aliyakimbiza ndani. Kindness alimtazama, moyo ukamuuma.

Jumapili moja majirani walikuja kuonja baada ya ibada. Bibi alivaa kitenge chake kipya. Alimimina kikombe cha kwanza, akampa jirani yao, Mama Beatrice. Kindness akainama, akatazama vidole vya miguu yake. Kikombe cha pili Bibi alimpa Babu Eliakim.

"Babu, usinywe!" Kindness akapiga kelele. Akalia, akaeleza yote: mfereji, dawa na rede.

"Mungu wangu! Tumeponea chupuchupu," alisema Babu.

Mama Beatrice alikuwa bado anapuliza kinywaji chake kipoe. Akakiweka mezani polepole.

"Na mimi je, mwanangu? Mimi ningekunywa tu?"

Afadhali angechapwa fimbo kuliko kuulizwa swali lile.

"Nisamehe, Mama Beatrice," alisema kwa shida.

Bibi aliimwaga sufuria nzima kwenye shimo la taka. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Umekosa, na umesema. Kwa kusema nakupenda zaidi. Lakini ukweli hausubiri zamu ya babu yako. Hata huyu wa kikombe cha kwanza ana wajukuu wanaompenda."

Jumamosi iliyofuata wenzake walicheza rede bila yeye. Kindness alichuma chini ya mfereji, moja moja, mpaka ndoo ikajaa. Maganda aliyageuza mwenyewe. Yalipokauka na kuchemshwa, alimpelekea Mama Beatrice kikombe cha kwanza.

"Onja wewe kwanza," Mama Beatrice akasema, akimkazia macho.

Kindness akanywa mafunda mawili bila kusita. Mama Beatrice akaangua kicheko, akakipokea kikombe, akakimaliza chote.

"Haya, mwanangu," akasema. "Niongezee."