Usikiite Kigari

"We kaka! Wee! Toa hilo gunia!"

Jumamosi adhuhuri, maegesho ya jengo la maduka yamejaa hadi pomoni, honi zinalia, watu wanasukumana na vitoroli vyao, na mwokaji wa keki anakimbia katikati ya magari, gauni lake la njano kalishika kwa mkono mmoja. Alikuwa ameenda kurudisha kitoroli tu, akaacha mlango wa nyuma wazi. Sasa mwanamume mmoja mrefu kupindukia kainama pale, anashindilia gunia la chakula cha kuku ndani ya gari la mwokaji. Chini ya gunia kuna keki ya harusi.

"Dada, hili ni gari langu," alisema yule mrefu, bila wasiwasi wowote.

"Lako? Na keki umeoka wewe?"

Mwanamume akachungulia. Akaona boksi limebonyea, krimu inachuruzika pembeni. Akatazama namba ya gari, kisha safu ya mbele, ambako lilisimama gari jingine jeupe, fupi vilevile, limekatwa mkia vilevile.

"Mungu wangu. Nisamehe dada. Mimi ni daktari wa mifugo."

"Hilo nalo linaihusu nini keki yangu?"

Jioni hiyo daktari alikuwa jikoni kwa mwokaji, mikono ya shati imekunjwa, anasugua masufuria huku yeye akioka upya kwa hasira. Hakuna aliyemwalika. Alikuja mwenyewe kwa kufuata anwani iliyoandikwa kwenye boksi, akaomba sabuni, akaanza kazi. Hasira ya mwokaji ikaanza kulegea hapo hapo, ingawa hakumwonyesha.

Wiki zilizofuata simu hazikukatika. Mwokaji alimwita Twiga, kwa sababu ya ule urefu.

"Twiga wangu, umefikaje kwa wale ng'ombe wa mlimani?"

"Nimezima kiyoyozi, nimefungua vioo, nikaliambia gari, tafadhali mama. Likapanda."

"Langu leo limetukanwa. Lori limenipigia honi nyuma kama vile nimeanika nguo barabarani."

"Ukalifanyaje?"

"Nimeenda kuegesha pale ambapo lenyewe haliwezi kutia hata tairi moja. Nikampungia dereva mkono."

"Malkia wangu! Mimi humu ndani magoti yangu yanafika masikioni, lakini nakwambia, mlima wa kunishinda na gari hili haujaumbwa."

"Acha kutia chumvi."

"Haki ya Mungu!"

Hebu niambieni, ni nani aliyewafundisha watu kwamba mwenye gari dogo naye ni mdogo? Mlinzi wa hoteli humwambia mwokaji azungukie nyuma, huku gari kubwa tupu likifunguliwa geti la mbele. Shemeji yake kila akija huuliza, "Utanunua lini gari la watu?" La watu! Na lile anaendesha nani, mbuzi? Ndani yake viti vya nyuma vikilazwa, keki ya ghorofa nne inakaa wima bila kutikisika. Halinywi mafuta ovyo na halijawahi kumlaza njiani. Ndilo lililomtoa kwenye kupanga keki mapajani mwa abiria wenzake kwenye daladala. Alimpenda Twiga kwa sababu hilo hakuhitaji kuelezwa.

Ndipo mama yake Twiga akasema anataka kumwona. Jumapili, nyumbani kwake juu ya kilima, na wajomba wote watakuwepo. Alete na keki.

Ijumaa simu ikalia.

"Mpenzi, Jumapili usije na gari lako. Nimeazima lile kubwa la bosi. Nitakupitia."

"Kwa nini?"

"Na keki itakuwa ya ghorofa ngapi?"

"Twiga, nimekuuliza."

"Basi tu. Kuna wajomba pale. Unajua watu wanavyosema wakiona kigari."

"Wakiona nini?"

"Mpenzi..."

"Umekiita nini?"

Akakata simu. Akautupa mfuko wa krimu mezani. Kigari! Na yeye basi ni nani, kijidada cha vikeki? Alilia, akafuta machozi kwa aproni, akalia tena. Simu iliita, akaiacha iite.

"Anakuonea aibu huyo," dada yake alimwambia. "Leo gari, kesho wewe."

"Keki yao nitawapelekea," mwokaji akajibu. "Na gari langu. Nitaiweka mezani, niwaage, niondoke. Asiniite tena."

Jumapili akavaa gauni la bluu, lile linalombana vizuri kiunoni, akapaka wanja, akaondoka mapema kabla Twiga hajafika kumchukua. Njia ya kilimani ilikuwa nzuri mpaka karibu na juu, ambako mafundi wa mabomba walichimba wakafukia hovyo wakaenda zao. Akazima kiyoyozi, akatia gia ya kwanza. Kooh! Tumbo la gari likakalia jiwe. Tairi za mbele zikawa zinazunguka hewani tu.

Akashuka, akaliangalia jiwe kana kwamba nalo ni ndugu wa Twiga.

Mama mmoja mwenye mwavuli alikuwa anateremka kutoka nyumba ya juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekwama hapa hapa? Wewe si ndiye mwokaji? Huyu kijana wangu daktari hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Jamani! Si wiki iliyopita alinipakia kwenye gari lake akijisifu kuwa hakuna mlima unaomshinda, akakwama kwenye jiwe hili hili? Nilisukuma mimi, na viatu vyangu vipya! Akaniomba nisimwambie mtu."

Mwokaji akalitazama tena lile jiwe.

"Mama, yeye aliniambia wajomba watalicheka gari langu."

"Wajomba gani? Mkubwa wao anakuja na baiskeli!"

Wakati huo gari la bosi likafika likivuma. Twiga akaruka nje, shati jeupe pe, suruali imepigwa pasi.

"Nimekwenda kwako nikaambiwa umeshatoka. Mpenzi, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Umeniliza kwa sababu ya jiwe! Jiwe, Twiga!"

"Niliogopa uvunje gari lako. Na nilikuwa nimejigamba mno. Niliona haya kukwambia limenishinda."

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi ndiye nione haya!"

Twiga akainama kulichungulia jiwe. Mama naye alifunga mwavuli wake, akasogea pembeni.

"Sukuma," mwokaji akasema, akaingia ndani, akashika usukani.

Twiga alisukuma mpaka shati likawa rangi ya udongo. Gari likachomoka, likapanda hadi uani, na keki haikupata hata ufa. Akalifuata mbio, akaja dirishani akihema.

"Nilitaka leo mbele ya wajomba nikuombe unioe... nikuoe. Nimeharibu?"

"Umeharibu. Ingia ndani uwaambie wajomba zako ulichowasingizia."

"Wote?"

"Wote."

Wajomba walikuwa sebuleni, wamejipanga kwenye makochi. Twiga akasimama mbele yao na matope yake.

"Nilikwama kwenye jiwe, mama akanisukuma. Nikaona haya kumwambia mchumba wangu, nikamdanganya kwamba ninyi mnadharau gari lake. Hamjawahi kusema hivyo. Anayestahili kuonewa aibu hapa ni mimi."

"Sisi?" mjomba mkubwa alifoka, akainuka na kibano cha baiskeli bado kimeibana suruali yake isinaswe na mnyororo. "Umetusingizia sisi, kwa mgeni? Binti, usimkubali huyu!"

"Usimkubali!" wakadakia wengine.

Mwokaji alikuwa mlangoni, keki mikononi. Alimtazama yule mtu mrefu aliyeinamisha kichwa, akisubiri, asiyejitetea hata kwa neno moja. Akaipeleka keki mezani, akageuka.

"Shikamooni wajomba," alisema. "Mnisamehe, mimi namkubali. Leo amesema kweli akiwa mchafu mbele ya watu wote, na mimi mtu wa namna hii ndiye niliyekuwa namtafuta."